Mkono Usiokosea

Jumatatu ya wiki ya tatu ya mafunzo, Lugano Kibona alizuiwa mara kumi na saba kabla ya saa nne asubuhi.

Kila mara ilikuwa vilevile. Alishusha kijiti cha kuchomelea kwenye kiungo cha bomba, cheche zikaanza kuruka, halafu kitambaa alichovaa mkono wa kulia kikakaza ghafla kutoka begani hadi kwenye vidole. Mkono ulisimama hewani kama wa mtu mwingine. Nukta chache baadaye kitambaa kililegea, kikamsogeza kidogo upande mmoja, na kazi ikaendelea. Alipomaliza, mshono ulikuwa umelala juu ya bomba sawasawa, mzuri kuliko mishono ya mafundi wengi wa zamani.

Aliuangalia kwa muda, kisha akainua kinyago.

"Mwalimu, hapa mwishoni Shangazi amenikataza nini?"

Tusekile Mwaipaja alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, na thelathini na mitano kati ya hiyo aliitumia kwenye mabomba ya mvuke.

"Ulikuwa unakawia mahali pamoja. Ungetoboa bomba."

"Mimi ningejuaje?"

Tusekile alimpiga bega kidogo, akaenda kwenye meza nyingine.

Kitambaa kile jina lake rasmi lilikuwa Mwongozo, lakini katika chuo cha Ukangali hakuna aliyekiita hivyo. Wanafunzi walikiita Shangazi, kwa sababu kilikudaka mkono kabla hujagusa kisichoguswa. Ndani yake mlikuwa na nyuzi zinazojikunja kama misuli, na kumbukumbu za mikono ya mafundi arobaini na mmoja, mmoja wao Tusekile mwenyewe. Walimvalisha kitambaa cha kurekodi miezi minne, akachomelea kila aina ya kiungo alichokijua. Sasa mwanafunzi akishika kijiti, Shangazi alilinganisha mkono wake na ile arobaini na mmoja, na nusu sekunde kabla ya kosa akakaza.

Zamani fundi wa mabomba ya mvuke alifundishwa miaka minne. Tusekile mwenyewe mwaka wa kwanza aliumalizia kwenye kufagia karakana na kubeba mitungi ya gesi. Kwa Shangazi ilikuwa wiki tisa. Mafundi umeme walifundishwa hivyo, na waashi, na washonaji wa viwandani, na wale wanaotengeneza pampu za hospitali. Shangazi alikuja wakati nchi ilipomhitaji, malori yalipoanza kujiendesha yenyewe kutoka bandarini hadi Tunduma na maelfu ya madereva wakarudi nyumbani wakiwa na mikono yenye nguvu isiyo na kazi. Lugano alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na kumi na tisa ya hiyo aliimalizia barabarani.

Mlangoni mwa karakana palikuwa na ubao unaowaka: SIKU 2,214 BILA JERAHA. Tusekile aliukumbuka ule ubao kila alipotaka kulalamika. Alishawahi kumpeleka hospitali kijana aliyeungua macho. Alishawahi kuandika barua kwa mama wa mwingine. Hakuwa mtu wa kumdharau Shangazi.

Wiki hiyohiyo simu ilitoka kisima cha sita.

Kisima cha sita kilikuwa milimani juu ya Ukangali, mvuke ukitoka ardhini kwa nguvu ya kusukuma mitambo ya umeme wa wilaya nzima. Bomba moja lilikuwa limepasuka. Tusekile alipofika, akakuta mafundi wanne wenye vyeti wamekaa juu ya mbao, wakinywa chai. Hewa ya salfa iliyotoka kwenye ufa ilikuwa imeharibu nyuzi za Shangazi wote wanne. Mikono yao ilikuwa mizima kabisa, na zana zote zilikuwepo.

"Tunasubiri wapya kutoka Mbeya," alisema mmoja, dada anayeitwa Anyisile, aliyemaliza chuo mwaka juzi akiwa wa kwanza darasani.

"Wanafika lini?"

"Keshokutwa, mwalimu."

Tusekile alivaa kinyago cha Anyisile akalifunga bomba mwenyewe, kazi ya saa tatu. Mahali pa kwanza aliharibu kwa makusudi, mshono ukaota vijitundu kama mkate, akamwita yule dada.

"Hapa pana tatizo gani?"

Anyisile alichuchumaa akaangalia kwa muda mrefu. Hakuwa mvivu wala mjinga. "Sijui, mwalimu," alisema mwisho, na sauti yake ikashuka. "Sijawahi kuona kiungo kibaya. Shangazi hajawahi kuniacha nikifanye."

Siku iliyofuata Tusekile aliandika barua kwenda Baraza la Mafunzo. Aliomba kila mwanafunzi, wa fani yoyote, apewe siku moja kwa wiki ya kufanya kazi mkono mtupu. Mratibu wa Baraza, Bi Hidaya Shemndolwa, alimpigia simu mwenyewe.

"Mwalimu Tusekile, nimekuelewa. Lakini Baraza litauliza ushahidi. Una mwanafunzi hata mmoja aliyefundishwa hivyo?"

"Sina. Kanuni hairuhusu."

"Basi tutakutana baada ya miezi miwili, nawe utakuwa na barua tu."

Lugano ndiye aliyemfuata. Habari za kisima cha sita zilikuwa zimefika chuoni kabla ya Tusekile mwenyewe. Alisubiri mpaka wenzake wakaenda kula, akasimama mbele ya meza yake akiwa ameshika kofia.

"Mwalimu, mlima Kitonga mimi nilijifunza kuuteremka kwa kuunguza breki. Mara moja tu. Ile harufu nikiisikia hata leo, mguu unajiinua wenyewe. Hapa wiki ya tatu hii, sijaunguza chochote."

"Ukiunguza hapa unaungua wewe."

"Najua."

"Hujui, Lugano. Ndiyo maana uko hapa."

Alicheka kidogo, lakini hakuondoka. "Nina watoto watatu. Nikitoka hapa na cheti, siku Shangazi akifa nitakaa kwenye mbao ninywe chai. Lori limeshanifukuza mara moja. Sitaki kitambaa nacho kinifukuze."

Tusekile alimwambia hapana. Alimwambia hapana tena Jumatano. Ijumaa jioni alimpa ufunguo wa banda la zamani nyuma ya chuo, pale walipohifadhi mashine za kabla ya Shangazi, akamwambia afike Jumamosi saa tatu na asimwambie mtu.

Jumamosi ya kwanza Lugano alitoboa mabomba sita. Kijiti kilimgandia kwenye chuma, akakivuta, akakivunja. Jasho lilimtoka mpaka shati likabadilika rangi. Tusekile alikaa kwenye kigoda bila kusema neno. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea: hatasema mpaka Lugano aulize, na akiuliza atamrudishia swali. Kila kiungo kilichoharibika walikikata katikati, wakakigeuza, wakatazama ndani.

"Unaona nini?"

"Matundu."

"Yametoka wapi?"

"Sijui… nilikwenda haraka?"

"Rudia, uende taratibu. Tuone."

Jumamosi ya tatu alianza kusikia. Mwenyewe ndivyo alivyosema. Alidai moto ukikaa sawa una sauti ya mafuta yanayokaanga taratibu, na ukizidi unakohoa. Tusekile, ambaye hakuwahi kumwambia mtu habari ya sauti ile, aligeuka akaangalia ukutani ili asimwone akitabasamu. Jumamosi ya tano Lugano alichomelea bomba la inchi nne mzunguko mzima. Walipolijaza maji na kulipiga presha halikutoa hata tone. Halikuwa zuri kama la Shangazi. Lakini alijua kila mahali lilipokuwa baya, na kwa nini, akaonyesha kwa kidole kabla ya kuulizwa.

Tusekile alirudi nyumbani siku ile akiimba. Ushahidi alikuwa nao.

Jumamosi ya saba walikuwa wanakata bomba ili waone ndani, kama kawaida. Lugano alichukua grenda, mashine ya kukatia chuma. Bomba alilolaza lilikuwa refu, akaliegemeza pande zote mbili juu ya matofali, katikati likabaki hewani. Ukilikata bomba lililokaa hivyo, mkato ukifika chini chuma hupinda na kulibana jiwe la grenda linalozunguka, na grenda hurudi nyuma kwa nguvu ya punda. Tena Lugano alikuwa ameachia mpini wa pembeni. Mkono wa kushoto alikuwa ameuweka juu ya bomba, kulituliza, shubiri moja kutoka kwenye mkato.

Tusekile aliona yote mawili. Aliyaona mapema, cheche zikiwa ndiyo kwanza zinaanza.

Alikuwa na muda wa kusema. Baadaye aliupima mara nyingi ule muda kichwani, na kila mara ulitosha. Alivuta pumzi, akawaza: atasikia. Jiwe likianza kubanwa sauti inabadilika, na masikio ya Lugano yalikuwa yamekuwa mazuri sana. Akisikia mwenyewe leo, hatasahau maisha yake yote. Alivuta pumzi ya pili.

Grenda ilipiga ukelele mmoja mfupi, ikaruka.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, vilikatika kwenye kiungo cha juu. Lugano hakupiga kelele. Aliangalia mkono wake kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo, kisha akakaa chini. Tusekile alishaufunga kwa kitambaa cha kichwani mwake kabla hajajua kwamba alikuwa anakimbia.

Zahanati walimshona. Vipande havikuweza kurudishwa. Alikuwa amejilaza, mkono ukiwa juu ya mto, uso umepauka, na Tusekile amekaa pembeni.

"Mwalimu, nisikilize," alisema Lugano. "Nimefikiri. Nitasema ufunguo niliuiba. Niliingia peke yangu, ukanikuta nimeshaumia."

"Usiseme upuuzi."

"Si upuuzi. Baraza linakaa baada ya siku kumi na mbili. Wakijua ulikuwepo, barua yako wataitupa, na wewe watakufukuza. Wakisikia nilikuwa peke yangu bila mwalimu, utawaambia ndiyo hatari ya kujifunza kwa kuiba, bora mturuhusu tufundishwe wazi. Ukweli kidogo tu unabadilika. Vidole havitarudi vyovyote iwavyo."

Alikuwa amelipanga vizuri. Tusekile alilitafuta tundu ndani ya mpango ule asilione. Aliwafikiria kina Anyisile, mamia yao, kwenye mitambo na hospitali na majengo nchi nzima, wakisubiri kitambaa kingine kutoka mjini.

"Hukufanya kosa lolote," Lugano aliongeza. "Grenda ilinizidi ujanja."

Hapo Tusekile aliinuka akaenda dirishani. Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya migomba, ile mvua ya Rungwe isiyo na haraka. Alitaka kumwambia pale pale. Hakumwambia. Alisema, "Lala," akatoka.

Siku kumi na mbili alizipitisha vibaya. Hakuulizwa na mtu. Msimamizi wa chuo alisubiri Baraza. Ubao wa mlangoni ulizimwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuandika sifuri. Mume wa Tusekile, Ambakisye, mtu wa maneno machache aliyestaafu reli, alimkuta siku moja jikoni ameshika kisu mbele ya kitunguu kisichokatwa.

"Kuna kitu hujasema," alimwambia.

"Kipo."

"Ukikisema nini kitatokea?"

"Mtu mmoja atanichukia. Na jambo jema huenda likafa."

Ambakisye alikichukua kisu mkononi mwake, akaanza kukata kitunguu yeye. "Na usipokisema?"

Baraza lilikaa Mbeya, katika chumba chenye meza ndefu na watu watano. Bi Hidaya Shemndolwa alikaa katikati, mwanamke mwembamba mwenye miwani mikubwa, kalamu mkononi. Lugano alikuwa ameitwa kama shahidi, mkono umefungwa, amevaa koti alilokuwa akivaa mipakani. Alitoa maelezo yake kwanza. Aliiba ufunguo, aliingia, aliumia. Alisema bila kutetereka.

"Mwalimu Tusekile," alisema Bi Hidaya, "unathibitisha?"

"Hapana."

Lugano alimgeukia.

"Ufunguo nilimpa mimi. Jumamosi saba nilikuwa naye." Tusekile alikuwa amepanga kuwaangalia wajumbe, lakini alijikuta anamwangalia Lugano. "Na siku ile niliona. Bomba lilikuwa limekaa vibaya na mkono wake ulikuwa karibu. Niliona kabla. Ningeweza kusema. Nilinyamaza ili ajifunze."

Mjumbe mmoja aliacha kuandika.

"Uliona?" Lugano aliuliza kwa sauti ndogo, kama wako wawili tu.

"Niliona."

Lugano aliangalia chini kwenye bandeji yake. Baada ya hapo hakumwangalia tena.

Bi Hidaya alivua miwani. "Umetuletea barua ya kutaka tuwaachie wanafunzi wakosee. Leo unatuambia hivi. Unataka tuifanyeje hiyo barua?"

"Ina kosa," alisema Tusekile. "Niliandika kana kwamba makosa yote ni mamoja. Lugano ametoboa mabomba zaidi ya thelathini, na kila tundu limemfundisha kitu ambacho Shangazi hawezi kumfundisha. Hayo nisingeyazuia hata leo. Lakini kosa la mwili si la kufundishia. Pale mwalimu anatakiwa apige kelele. Mimi niliyachanganya. Na Shangazi naye anayachanganya, kwa upande mwingine. Anazuia tundu kwenye bomba kwa nguvu ileile anayozuia kidole kukatika. Nyuzi zake hazijui tofauti, kwa sababu mikono iliyomo ndani ni ya watu waliofanya sawa tu. Hatukumwekea kosa hata moja."

Mjumbe aliyekuwa ameacha kuandika alikuwa mhandisi, kijana mwenye ndevu chache. Aliinua mkono kidogo. "Inawezekana kuzitenganisha," alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa wenzake. "Tukipata rekodi za watu wakikosea. Shangazi akaze kwenye nyama, alegee kwenye chuma." Kisha akaona wote wanamtazama, akanyamaza.

"Ungesimama na maelezo ya ndugu Kibona," alisema Bi Hidaya, "tungeandika kwamba mkono mtupu unakata vidole, tukafunga faili. Unalijua hilo?"

"Sikulijua wakati ule. Nilijua tu kwamba ni uongo."

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili. Leseni yake ya ukufunzi ilifutwa, asifundishe tena chuo chochote. Aliruhusiwa kubaki fundi. Chuo cha Ukangali kiliagizwa kuanza majaribio ya Shangazi wa namna mpya, kwa wanafunzi watakaokubali kurekodiwa wakiharibu kazi. Bi Hidaya aliongeza mstari mmoja kwa mkono chini ya barua: *Nimesikitika, na nakushukuru.* Tusekile aliisoma barua mara mbili, akaiweka kwenye droo ya vijiko, akaenda kuomba kazi kisima cha sita.

Alipewa zamu ya asubuhi. Mafundi walimwita mwalimu kwa mazoea, kisha wakajirekebisha wakamwita fundi, na yeye hakuonyesha kwamba amesikia. Miezi minne ikapita. Kwa Lugano alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza mkewe alimkaribisha chai, akasema Lugano ametoka, na viatu vya Lugano vilikuwa mlangoni. Mara ya pili hakuingia ndani.

Jumapili moja mchana Lugano alikuja mwenyewe. Alikuwa ameshika mkungu mdogo wa ndizi, maana hakuna anayekwenda kwa watu Rungwe mikono mitupu hata akiwa na hasira. Ambakisye alimpokea, akaingia nao ndani, hakurudi.

Lugano alikaa kwenye benchi la barazani, kando ya Tusekile. Vidole vilikuwa vimepona, vifupi, ngozi mpya ikiwa nyeupe kuliko nyingine.

"Nimepita mtihani," alisema.

"Nilisikia. Hongera."

"Mkono mtupu."

"Hilo nalo nilisikia."

Alizungusha kofia magotini. "Vidole vilikuwa vinaniuma kule zahanati, nikawa nakuonea huruma wewe. Natafuta maneno ya kukuokoa. Na wewe umekaa pale unajua."

"Ndiyo."

"Siku ile ungenikaripia ningekasirika. Ningesema huyu mama hataki nijifunze. Leo ningekuwa na vidole kumi na nimeshasahau kwamba nilikasirika."

"Ndiyo, Lugano. Ni hivyo hasa."

Lugano alisubiri aone kama atajitetea.

"Sijakusamehe," alisema Lugano. "Labda nitakusamehe, labda sitaweza. Sikuja kwa hilo. Nimepangiwa kisima cha sita. Naanza kesho. Nimeona orodha ya zamu, niko na wewe."

"Naweza kuomba nihamishiwe usiku."

"Hapana." Alilitamka haraka, kama alikuwa amelifikiria njia nzima. "Kuna mafundi wanaonionea aibu kwa sababu ya mkono, hawataniambia kitu nikikosea. Wewe utaniambia. Nataka uniambie kila unachokiona. Hata mbele za watu. Hata nikinuna."

"Nitakuambia."

"Usingoje nisikie mwenyewe."

"Sitangoja."

Lugano aliinamisha kichwa, akavaa kofia, akaaga.

Jumatatu kulikuwa na ukungu mzito na mvuke umejichanganya nao, usijue kipi ni kipi. Walikuwa wanne chini ya bomba kuu, wanafungua mkanda wa chuma uliokuwa umeshika kutu. Lugano alipiga magoti, akaweka spana kwenye nati ya tatu na kuegemea mbele avute, bega lake likiwa mkabala na vali ya kupumulia, ile inayotema mvuke ghafla presha ikizidi.

"Lugano, toka hapo!"

Sauti ya Tusekile ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Wenzao waligeuka. Anyisile aliacha kazi. Lugano alibaki amepiga magoti, uso umemwiva kwa aibu mbele ya watu, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba atajibu kitu kikali.

Alisogea kushoto hatua moja.

"Hapa?" aliuliza.

"Ongeza kidogo," alisema Tusekile. "Hapo. Sasa vuta."